Adrian Atiman, Tabibu wa Karema

Msuka ni kijiji kilichoko kaskazini mwa kisiwa cha Pemba. Mtoto wa Msuka akishikwa na homa usiku, kunapopambazuka mama yake humpeleka kituo cha afya. Huko mhudumu humpima joto la mwili, humtoa tone la damu kidoleni ili achunguze kama ana vijidudu vya malaria, kisha humpa dawa inayofaa. Mhudumu huyo huzungumza lugha moja na mgonjwa wake. Naye pia alianza masomo katika shule ya msingi kama yenu.

Zamani za babu zetu mambo hayakuwa hivyo. Katika miaka ya 1880 mashamba ya karafuu ya Pemba yalikuwa yakilimwa na watumwa, na wengi wao walitekwa barani wakiwa wangali watoto. Sheria ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897. Kabla ya hapo, mtoto aliyenunuliwa hakutarajiwa kushika kitabu, sembuse kuwa tabibu.

Katika somo hili tutasoma habari za mtoto mmoja wa Afrika aliyeuzwa kama watoto hao, lakini akapata elimu na kuwa tabibu kwa miaka 67. Kazi hiyo aliifanya Karema, mahali palipo mbali sana na Pemba, katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Jina lake ni Adrian Atiman.

Utoto wake

Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866, katika kijiji kilicho jirani na mji wa Timbuktu, kando ya mto Niger. Nchi hiyo leo huitwa Mali. Siku moja, alipokuwa angali mtoto mdogo, wapanda ngamia wa kabila la Watuareg walimkamata, wakamtenga na wazazi wake. Akauzwa. Kisha akavushwa jangwa la Sahara, safari ya siku nyingi katika jua kali na uhaba wa maji, mpaka akafika mji wa Metlili katika nchi ya Algeria.

Huko alikutana na wamisionari walioitwa White Fathers, yaani Mapadre Weupe, kwa sababu ya kanzu zao nyeupe. Wakati ule wamisionari hao walikuwa wakiwakomboa watoto watumwa kwa kuwalipia fedha. Atiman naye alikombolewa. Hakuweza tena kurudi kwao, maana njia ilikuwa ndefu na yenye hatari. Aliwekwa shuleni pamoja na watoto wengine waliokuwa wamepatwa na mikasa kama yake.

Masomo

Kiongozi wa wamisionari hao alikuwa Kardinali Lavigerie. Wakati ule wageni wengi waliokwenda katikati ya Afrika walikuwa wakifa kwa homa, na wenyeji nao walikuwa wakifa kwa maradhi ambayo yangeweza kutibiwa. Kardinali aliona kuwa kazi ya kuwatibu Waafrika ingefanywa vizuri zaidi na Waafrika wenyewe, watakaoishi na watu na kula chakula chao. Hivyo mwaka 1881 alichagua vijana kadhaa wa Kiafrika, akawapeleka katika kisiwa cha Malta kusomea utabibu.

Malta ni kisiwa kidogo katika bahari ya Mediteranea. Hata Pemba ni kikubwa kukishinda. Atiman alikuwa na umri wa miaka ipatayo 15 alipofika huko. Yeye na wenzake walipaswa kujifunza lugha za kigeni, hesabu na sayansi, ndipo waweze kufuata masomo ya utabibu katika Chuo Kikuu cha Malta. Walijifunza viungo vya mwili wa binadamu, kazi ya damu, dalili za maradhi, na namna ya kutengeneza dawa na kufunga majeraha. Masomo yalikuwa magumu, lakini Atiman alivumilia. Mwaka 1888 alimaliza.

Safari ya kwenda Karema

Mwaka huohuo wa 1888 Atiman alisafiri kwa meli mpaka Unguja. Kutoka pwani alifuata njia ya misafara kuelekea bara. Siku hizo hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Watu walitembea kwa miguu kwa miezi kadhaa, na mizigo ilibebwa na wapagazi vichwani na mabegani. Njia hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa na wafanya biashara ya watumwa kuwaleta mateka pwani. Mtu aliyekuwa mtumwa alikwenda sasa upande wa pili, akiwa amechukua dawa na vitabu. Mwaka 1889 alifika Karema.

Baada ya kufika, alioa mwanamke mwenyeji wa sehemu hizo aitwaye Agnes Wansahira, wa kabila la Wabende. Hivyo Atiman hakuwa tena mgeni. Aliishi katika kijiji, akawa mkwe na jirani wa watu aliowatibu. Jambo hili lilikuwa na maana kubwa katika kazi yake, kwa sababu mgonjwa humweleza tabibu ukweli wa maradhi yake iwapo anamwamini, na humeza dawa ya tabibu anayemjua.

Kazi ya tabibu

Watu wa nchi za Ziwa Tanganyika walisumbuliwa na maradhi mengi: malaria, ndui, kuhara, malale na vidonda. Wengine walijeruhiwa na wanyama wa mwituni au katika vita. Hospitali kubwa haikuwako karibu. Tabibu wa mahali kama hapo alilazimika kufanya kazi za watu wengi kwa wakati mmoja: kuchunguza, kutengeneza dawa, kupasua majipu, kuunga mifupa, na kuuguza wagonjwa usiku na mchana.

Katika miaka ambayo Atiman alikuwa akisoma, wanasayansi walikuwa wamekwisha kufahamu kuwa vidonda huoza kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huingia kwenye jeraha kutoka katika mikono michafu, vyombo vichafu au nguo chafu. Kwa hiyo tabibu hunawa mikono yake, huchemsha vyombo vyake, na hufunga kidonda kwa kitambaa safi. Kazi hii haihitaji mashine kubwa. Inahitaji mtu anayejua sababu yake, na asiyechoka kuifanya kila siku.

Ndui na chanjo

Ndui ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyoogopwa kupita yote. Mgonjwa alishikwa na homa kali, kisha mwili wote ukajaa vipele vyenye usaha. Katika kila watu 10 waliougua, watu wapatao 3 walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka.

Ndui haikuwa na dawa ya kuiponya, lakini ilikuwa na kinga. Mwaka 1796 daktari Mwingereza, Edward Jenner, aligundua kuwa mtu aliyepata ndui ya ng'ombe, ambayo ni ugonjwa hafifu, hakushikwa na ndui ya watu. Basi mtu aliyetaka kinga alichanjwa kidogo mkononi na kutiwa chanjo iliyotokana na ugonjwa huo hafifu. Mwili hujifunza kupigana na adui mdogo, na adui mkubwa akija humkuta umejiandaa.

Kwa kutumia chanjo, mataifa yote ya dunia yalishirikiana kuifukuza ndui. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977. Mwaka 1980 ilitangazwa kuwa ndui imekwisha duniani. Ushindi huo ulipatikana kwa sababu katika kila nchi walikuwako watu walioaminiwa na majirani zao, hata watu wakakubali kunyosha mikono yao wachanjwe.

Elimu haina mwisho

Atiman alipomaliza masomo mwaka 1888, hapakuwa na mtu aliyekuwa amethibitisha kuwa malaria huenezwa na mbu. Vijidudu vya malaria vilikuwa vimeonekana katika damu mwaka 1880, na daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, aliyekuwa akifanya kazi huko Algeria. Lakini kazi ya mbu iligunduliwa na Ronald Ross nchini India mwaka 1897. Baadaye, mwaka 1903, ilijulikana kuwa mbung'o ndiye anayeeneza malale. Penisilini, dawa inayoua vijidudu vingi vya maradhi, iligunduliwa mwaka 1928.

Mambo hayo yote yaligunduliwa Atiman akiwa tayari kazini. Hakufundishwa darasani, maana hata walimu wake walikuwa hawayajui. Tabibu aliyehitimu zamani zile, kama angeacha kujifunza, angebaki nyuma, na wagonjwa wake wangeumia. Kwa hiyo cheti cha shule ni mwanzo wa elimu.

Mwisho wa maisha yake

Atiman aliishi Karema wakati nchi ilipotawaliwa na Wajerumani, akaona vita vya mwaka 1914 hadi 1918, kisha akaona utawala wa Waingereza. Watawala walibadilika, yeye akabaki na wagonjwa wake. Mtoto wake mmoja, Joseph, alikuwa padre. Katika uzee wake Atiman alitunukiwa nishani kwa ajili ya utumishi wake, na habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe, zilichapishwa mwaka 1946.

Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka ipatayo 90. Ilikuwa imebaki miaka 5 tu Tanganyika ipate Uhuru. Jijini Dar es Salaam iko nyumba ya wamisionari wa shirika lile iliyopewa jina lake.

Hatujui watoto wangapi waliovushwa Sahara au kuletwa visiwani wangeweza kuwa matabibu, walimu au wahandisi kama wangefundishwa. Atiman alipata nafasi hiyo, na hakuitumia kwa faida yake peke yake. Alikwenda mahali palipokuwa na haja, akakaa.

Leo mtoto wa Msuka hahitaji kukombolewa ili asome. Shule iko karibu na nyumbani, na vijana wa Unguja na Pemba husomea uuguzi na udaktari Zanzibar kwenyewe. Mwanafunzi anayejifunza vizuri sehemu za mwili, usafi wa maji na namna maradhi yanavyoenea, amekwisha kuanza safari hiyo. Tena anaweza kuwasaidia watu wa nyumbani mwake tangu sasa.

Maswali

1. Atiman alizaliwa wapi, na alifikaje Algeria?
2. Kwa nini Kardinali Lavigerie alitaka Waafrika wasomee utabibu?
3. Eleza namna chanjo inavyoukinga mwili.
4. Kwa nini tabibu hunawa mikono kabla ya kufunga kidonda?
5. Taja mambo mawili ya sayansi yaliyogunduliwa baada ya mwaka 1888, na ueleze yamewasaidiaje wagonjwa.
6. Kuishi katika kijiji cha wagonjwa wake kulimsaidiaje Atiman katika kazi yake?

Jambo la kufanya

Chukueni vipande viwili vya mkate na chupa mbili safi zenye vifuniko. Mwanafunzi mmoja ashike kipande cha kwanza kwa mikono aliyochezea mchanga, akitie katika chupa ya kwanza. Mwingine anawe kwa sabuni, ashike kipande cha pili, akitie katika chupa ya pili. Funikeni chupa, ziwekeni mahali penye kivuli, mziangalie kila siku kwa muda wa siku 7 bila kuzifungua. Andikeni mnayoyaona. Mwishoni mwalimu azitupe chupa zikiwa zimefungwa.