Edward Saidi Tingatinga: Mchoraji Aliyeacha Wanafunzi Mahali pa Jumba

Kwa Watanzania wengi, tingatinga ni mtambo wa kusafishia mashamba na kuchonga barabara. Hata hivyo, jina hilo ni pia la ukoo wa mwananchi aliyeitambulisha Tanzania duniani kwa brashi na rangi. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa takriban miaka 4 tu, lakini mtindo wake umedumu kwa zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake.

Alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, kusini mwa nchi, katika familia ya wakulima. Mama yake alikuwa Mkristo na baba yake Mwislamu, ndiyo maana majina yake yalibeba dini zote mbili. Hakupata kusomea sanaa katika chuo chochote.

Katika miaka ya 1950 aliondoka kijijini kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga. Historia hiyo si ngeni kwa familia za Kasulu na Kibondo. Katika kipindi cha ukoloni, vijana wengi wa Buha waliacha milima yao, wakapanda treni ya Reli ya Kati na kwenda kukata mkonge kama manamba. Wengine walirejea na wengine walilowea huko. Tingatinga alikuwa mmoja wa kizazi hicho cha vibarua.

Kutoka Tanga alihamia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, akapokelewa na ndugu yake na kuajiriwa kazi za nyumbani kwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961, mwajiri huyo aliondoka, naye akalazimika kutafuta riziki kwa vibarua vya kila namna. Baadaye alipata kazi ya mhudumu katika Hospitali ya Muhimbili.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, hivyo alitumia alivyovimudu: vipande vya mraba vya mbao laini zilizoshindiliwa, na rangi ya mafuta inayotumika kupaka baiskeli. Uhaba huo ndio uliozaa mtindo wake. Rangi hiyo ilitoa mng'ao mkali, na juu yake alichora mnyama au ndege mmoja mkubwa aliyejaza picha nzima. Mkewe, Agatha, aliuza picha hizo nje ya maduka ya Morogoro Stores, eneo la Oysterbay, ambako wageni wengi walifika kununua mahitaji yao.

Soko lilipokua, Tingatinga hakuificha kazi yake. Aliwakusanya ndugu na jamaa, miongoni mwao January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Casper Tedo na Simon Mpata, akawafundisha kwa vitendo. Waliketi pamoja, wakatazama mkono wa mwalimu, kisha wakajaribu wenyewe.

Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 40, alipigwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam kwa kudhaniwa kuwa mhalifu aliyekuwa akisakwa. Aliacha mjane na watoto wadogo. Kifo hicho kingeweza kuwa mwisho wa sanaa yake, kwani wakati huo hapakuwa na chuo, kitabu wala karakana rasmi ya kuihifadhi.

Kilichoiokoa ni wale aliowafundisha. Wanafunzi wake waliendelea kuchora pamoja, wakapokea wengine, na mwaka 1990 kikundi chao kikawa chama cha ushirika. Anayetaka kuona mahali ilipoanzia sanaa hiyo hufika Oysterbay, pale pale Morogoro Stores. Hapo mgeni hakuti chumba kilichofungwa chenye kiti na brashi za marehemu, bali wachoraji walioinama juu ya kazi, makopo ya rangi yakiwa wazi na picha zikikaushwa.

Mkoa wa Kigoma unayo kumbukumbu yake ya kihistoria huko Ujiji, alipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Kumbukumbu kama hiyo hulindwa kwa kuta na mnara. Ile ya Tingatinga imelindwa kwa njia nyingine: fundi aliyejua kazi aliwarithisha wenzake mapema, kabla ya kujua kwamba muda wake ulikuwa mfupi.