Daktari Philip Hench na Ugonjwa wa Baridi Yabisi

Pengine kijijini kwako yupo mtu ambaye vidole vyake vimevimba na kupinda. Asubuhi hawezi kushika jembe wala kufunga kifungo cha nguo. Watu wengine husema amerogwa. Hakurogwa. Huenda anaugua baridi yabisi ya viungo. Soma habari za daktari aliyetafuta dawa ya ugonjwa huo.

Philip Hench alizaliwa tarehe 28 Februari, 1896, katika mji wa Pittsburgh, nchini Marekani. Alizaliwa na kasoro ya kinywa, hata maneno yake hayakutoka vizuri. Lakini hakuacha kusoma. Mwaka 1920 alihitimu udaktari. Kisha alikwenda mji wa Rochester, kufanya kazi katika hospitali ya Mayo Clinic. Mwaka 1926 akawa mkuu wa idara ya magonjwa ya viungo.

Siku zile madaktari wengi waliamini kwamba baridi yabisi haiwezi kurudi nyuma. Mwaka 1929 mgonjwa mmoja alimweleza Hench jambo la ajabu. Aliugua ini, macho na ngozi vikawa vya manjano. Mara maumivu ya viungo yakatulia. Baadaye Hench aliona kwamba hata wanawake wengi wenye baridi yabisi hupata nafuu wakiwa wajawazito.

Mtu mwingine angesema ni bahati tu. Hench aliandika kila habari daftarini. Alifikiri hivi: kama ugonjwa unaweza kutulia, basi mwilini mna kitu kinachoutuliza. Alijaribu kuwapa wagonjwa nyongo na vitu vingine vingi. Havikufaa. Hakukata tamaa.

Katika hospitali hiyohiyo alikuwapo mtaalamu wa kemia, Edward Kendall. Yeye alichunguza tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Mwaka 1941 walikubaliana kujaribu kitu kimoja kinachotoka katika tezi hizo. Lakini kilikuwa haba mno. Ilibidi wangoje mpaka wataalamu walipoweza kukitengeneza kwa kutumia nyongo ya ng'ombe.

Tarehe 21 Septemba, 1948, Hench na wenzake walimpiga sindano mwanamke wa miaka 29. Mwanamke huyo alikuwa karibu hawezi kutembea. Siku chache baadaye alitembea. Haikupita juma moja na nusu akaenda madukani kwa miguu yake. Dawa hiyo ikaitwa kotisoni. Mwaka 1950 Hench na Kendall, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini furaha haikuwa kamili. Dawa ilipoachwa, ugonjwa ulirudi. Ilipotumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu, uso ulivimba, mifupa ikadhoofika, na magonjwa mengine yakapata nafasi. Hench hakuficha. Aliwaeleza madaktari wenzake kwamba kotisoni hutuliza ugonjwa, haiung'oi.

Siku hizi wataalamu wanajua sababu. Mwili una walinzi wake, kama mgambo wa kijiji. Kazi yao ni kupigana na vijidudu. Katika baridi yabisi ya viungo, walinzi hao hukosea, wakamshambulia mwenye nyumba. Kotisoni huwapunguza nguvu. Ndiyo maana maumivu hutulia, na ndiyo maana vijidudu navyo hupata njia.

Je, wajua kwamba mkonge nao umo katika habari hii? Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Uingereza walitumia maji ya mkonge wa Afrika Mashariki kutengenezea dawa za jamii hiyo.

Daktari Hench alifariki tarehe 30 Machi, 1965, akiwa mapumzikoni Jamaika. Dawa za jamii ya kotisoni zinatumika mpaka leo. Basi wewe usizinunue dukani kwa kusikia tu kwamba jirani zimemfaa. Nenda kwanza zahanati. Na kama daktari amekupa uzitumie kila siku, usiziache ghafla bila kumwuliza, maana unaweza kuugua sana.

Maswali
1. Mgonjwa wa mwaka 1929 alimfundisha Hench jambo gani?
2. Kwa nini kotisoni haiponyi kabisa baridi yabisi?
3. Utamshauri nini jirani anayenunua dawa hizi bila kumwona daktari?