Khabari za Bayume Mohamed Husen, Askari wa Dar es Salaam

Twapenda kumweleza msomaji khabari za mtu mmoja aliyezaliwa katika mji huu wa Dar es Salaam, ambaye leo jina lake lajulikana Berlin kuliko lijulikanavyo Kinondoni na Temeke. Jina alilopewa na wazazi wake ni Mahjub bin Adam Mohamed. Huko Ulaya alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1904, zamani za utawala wa Wadachi. Baba yake alikuwa na asili ya Sudani, naye alikuwa askari katika jeshi lao, akapanda hatta cheo cha efendi, na cheo hicho hakikuwa kidogo kwa mtu mweusi siku zile. Vita vilipoanza mwaka wa 1914 mtoto alikuwa na umri wa miaka kumi tu. Ewe msomaji, mtazame mtoto wa miaka kumi aliye nyumbani kwako, kisha ufahamu ya kuwa huyu alivikwa nguo za jeshi, akafundishwa kazi ya kupeleka ishara, akafuatana na baba yake vitani.

Vita hivyo vilikuwa vya Wazungu, walakini damu iliyomwagika ilikuwa ya watu weusi wengi mno. Katika mwezi wa Oktoba 1917 majeshi yalikutana Mahiwa, nchi ya Lindi, wakapigana siku nne. Upande wa Wadachi palikuwa na watu 1,500 hivi chini ya Lettow-Vorbeck, wakapotea katika wao zaidi ya 500, baadhi wameuawa na baadhi wamejeruhiwa. Upande wa Waingereza walipotea zaidi ya nusu ya watu wao wapatao 5,000, na wengi wao walikuwa Wanijeria na askari wa K.A.R. Basi Mwafrika alimpiga risasi Mwafrika, na pengine Mwislamu alimpiga Mwislamu, wala hapana hatta mmoja wao aliyeulizwa shauri la vita hivyo. Hapo Mahiwa kijana wetu alipata jeraha, akatekwa na Waingereza. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

Vita vilipokwisha akafanya kazi ya utumishi katika meli, na mwaka wa 1929 akashuka Ulaya, akafika Berlin. Haja yake ilikuwa moja iliyo dhahiri: kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake, ambao haukulipwa. Akaenda mpaka Wizara ya Mambo ya Nje, akajibiwa ya kuwa muda wa kudai umekwisha pita. Kwa watu waliomchukua mtoto vitani, kumhesabia siku alizochelewa ni jambo la kustaajabisha.

Hakurudi. Akawa mtumishi katika nyumba kubwa ya starehe iitwayo Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili katika chuo cha lugha cha Berlin kwa ujira mdogo, akaigiza katika picha za sinema zaidi ya ishirini. Mwezi wa Januari 1933 akamwoa Maria Schwandner, siku chache tu kabla ya Hitler kushika utawala, wakalea watoto. Walakini jambo alilolipenda mno lilikuwa kukumbuka uaskari wake. Akivaa nguo za askari na kusimama katika mikutano ya Wadachi waliotamani kurudishiwa makoloni. Mwaka wa 1934 akaomba nishani wanayopewa waliopigana vitani, akanyimwa. Akajipatia kwa njia nyingine, akaivaa. Wengine humcheka kwa hayo, au humwita kibaraka. Mimi siwezi kumcheka. Wenzake wa Mahiwa walikuwa chini ya ardhi, na pale Berlin hapakuwa na mtu mwingine wa kuwashuhudia ila yeye na ile nguo yake.

Taabu zikazidi. Mwaka wa 1935 aliondolewa kazini Haus Vaterland kwa sababu ya rangi yake. Mwaka wa 1939 vita vya pili vilipoanza, akajitolea tena kuwa askari, wakamkataa. Mwaka wa 1941 akaonekana katika sinema ya Carl Peters, mtu yule yule ambaye jina lake hutajwa kwa uchungu katika nchi yetu. Mwaka huo huo akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kidachi. Hatumtakasi katika hilo, hisabu yake iko kwa Mola wake. Lakini hakupelekwa mbele ya hakimu yeyote, akatiwa tu katika kambi ya Sachsenhausen. Akakaa humo miaka mitatu, akafa tarehe 24 Novemba 1944, na umri wake miaka arobaini.

Katika mji wetu, sanamu ya Askari iliyofunuliwa mwaka wa 1927 iliwekwa kwa ajili ya waliotumikia upande wa Waingereza, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann. Ukienda njia ya Bagamoyo, upande wa Kinondoni, utaona makaburi ya vita yaliyopangwa vizuri. Lakini askari weusi na wapagazi wengi hawakuandikiwa jina popote, na mwaka wa 2021 tume ya Waingereza ya makaburi ya vita iliungama jambo hilo na kuomba radhi. Wapagazi hao ndio walioiachia Kariakoo jina lake.

Ama Mahjub bin Adam, mwaka wa 2007 aliwekewa kibati kidogo cha shaba nyeupe kwa njano katika Brunnenstraße, Berlin, mbele ya nyumba nambari 193 alimokuwa akikaa. Kimelazwa chini, njiani, na mwenye kutaka kulisoma jina lake hana budi kuinama.