Mwalimu Nyerere, Kijana Aliyeitafuta Kweli

Watu wengi wamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere kwa kuwa aliiongoza Tanganyika kwenye Uhuru. Wachache wakumbuka ya kuwa, kabla ya kudai uhuru wa nchi, alikuwa kijana aliyeitafuta kweli kwa hiari yake mwenyewe. Jambo hili latufaa sisi wazazi Wakristo kulifikiri.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki, katika boma lenye wake wengi. Ukristo haukuwa urithi wa nyumba ile. Mwaka 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Shule zote mbili hazikuwa za misioni, wala hakuna aliyemshurutisha kuketi mbele ya katekista. Hata hivyo aliyafuata mafundisho ya dini, akangoja miaka. Baba yake alifariki mwaka 1942. Tarehe 23 Desemba 1943, akiwa mwanafunzi wa Makerere mwenye umri wa miaka 21, alibatizwa, akaitwa Julius. Ubatizo huo haukuwa jambo jepesi, maana mtoto wa mtemi alijifunga kwa ndoa ya mke mmoja, akaiacha desturi ya boma la baba yake. Mwezi wa Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel.

Wakati huo alikuwa amekwisha kurudi kutoka masomoni Edinburgh, naye akaajiriwa kufundisha katika chuo cha Mtakatifu Fransisko, huko Pugu, kwenye vilima vilivyo pembeni mwa Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akawa Rais wake. Haukupita mwaka akapaswa kuchagua: ualimu au siasa. Mwezi wa Machi 1955 aliuacha mshahara, ilhali ana nyumba ya kulisha. Baadaye aliishi Magomeni, na nyumba yake ya huko imehifadhiwa kuwa makumbusho.

Wala imani haikumfanya asikosee. Kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 kuliwaumiza wengi, naye mwenyewe alikiri hadharani kwamba serikali yake ilifanya makosa. Alipong'atuka mwaka 1985 hakuacha kutafuta. Katika uzee wake aliziandika Injili kwa utenzi wa Kiswahili. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua shauri la kumtangaza Mwenyeheri, na hukumu yake ni ya Kanisa.

Wapenzi wasomaji, watoto wetu, wawe wa Temeke, wa Kinondoni au wa mikoani, wengi huletwa kwenye kisima cha ubatizo wangali wachanga. Neema hiyo ni kubwa, lakini haimwondolei mtu kazi ya kuitafuta kweli atakapopata akili. Basi, kijana akiuliza nyumbani kwa nini twasali, au kwa nini twaamini, tusimkaripie kana kwamba ametukana. Tuketi naye, tumjibu tuyajuayo, na tusiyoyajua twende naye kwa Padre au kwa katekista. Mwalimu aliipokea imani akiwa mtu mzima, akijua aachacho na apatacho. Watoto wetu nao, waliobatizwa mikononi mwetu, wapaswa siku moja kuichagua wenyewe.