Lloyd Mathews

Lloyd William Mathews (7 Machi 1850 – 11 Oktoba 1901) alikuwa afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, mkuu wa kwanza wa jeshi la Sultani wa Zanzibar lililofunzwa kwa mtindo wa Ulaya, na baadaye Waziri wa Kwanza wa serikali ya Zanzibar.

Maisha ya awali

Mathews alizaliwa Funchal, katika kisiwa cha Madeira. Alijiunga na jeshi la wanamaji mwaka 1863 akiwa bado mtoto, na alipigana katika vita dhidi ya Waashanti, katika Ghana ya leo, mwaka 1873 na 1874. Mwaka 1875 alifika Zanzibar katika manowari HMS London. Manowari hiyo ilitia nanga bandarini Unguja ili kuzuia biashara ya watumwa, iliyopigwa marufuku baharini kwa mkataba wa mwaka 1873 kati ya Sultani Barghash na Uingereza.

Mwaka 1877 Barghash alimkabidhi Mathews kazi ya kuunda jeshi jipya. Alianza na askari wapatao 300, na idadi yao ikaongezeka haraka.

Kuuawa kwa Kapteni Brownrigg

Tarehe 3 Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa HMS London, alilikaribia jahazi moja karibu na Pemba akiwa katika mashua ndogo ya mvuke. Jahazi lilipeperusha bendera ya Ufaransa, na Waingereza hawakuruhusiwa kupekua vyombo vya Kifaransa. Walichoweza kufanya ni kuhakikisha tu kama chombo kina haki ya kutumia bendera hiyo. Kwa hiyo Brownrigg hakujiandaa kupigana. Ndani ya jahazi mlikuwa na watumwa, na nahodha wake, Hindi bin Hattam, aliamuru watu wake washambulie. Brownrigg aliuawa pamoja na baadhi ya mabaharia wake.

Tukio hilo lilizua suala la sheria. Kwa kawaida, jahazi la watumwa lililokamatwa lilifikishwa mbele ya mahakama ya ubalozi wa Uingereza mjini Zanzibar. Likipatikana na hatia liliharibiwa, na watumwa waliachiwa huru. Hasara hiyo ilikuwa ya mali tu. Kuua ni jambo jingine. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1837 ilikuwa imepunguza adhabu ya uharamia wa kawaida, lakini ilibakiza adhabu ya kifo kwa haramia aliyejaribu kuua, aliyejeruhi mtu au aliyehatarisha maisha. Katika sheria ya Kiislamu pia, uporaji wa kutumia silaha unaoambatana na mauaji huadhibiwa kwa kifo. Hata hivyo, biashara ya watumwa haikuhesabiwa kuwa uharamia kwa watu wa mataifa yote, na wahalifu walikuwa wamekimbilia katika nchi ya Sultani. Wajibu wa kuwakamata ukawa wa Barghash.

Sultani alimtuma Mathews Pemba pamoja na askari wake. Walimkuta Hindi bin Hattam wakapambana naye. Hindi alijeruhiwa na akafa kutokana na majeraha yake, hivyo hakusimama mbele ya hakimu.

Waziri wa Kwanza

Mwaka huohuo Mathews aliacha utumishi wa jeshi la Uingereza, akabaki Zanzibar. Mwaka 1891, chini ya Sultani Ali bin Said, aliteuliwa kuwa Waziri wa Kwanza. Tarehe 27 Agosti 1896 alikuwa miongoni mwa viongozi waliompinga Khalid bin Barghash, siku manowari za Kiingereza zilipolipiga mabomu kasri la Sultani. Alikuwa bado waziri Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyofuta uhalali wa utumwa Unguja na Pemba.

Kifo

Mathews alifariki Zanzibar kwa malaria mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 51. Alizikwa katika makaburi ya Waingereza nje ya mji.