Visvesvaraya, Mgawaji wa Maji

Ndugu msomaji, je, umepata kuona ugomvi wa maji? Mwenye shamba mwanzo wa mfereji hujaza maji mpaka yanatuama. Mwenye shamba mwisho wa mfereji hukosa kabisa. Soma habari za mtu aliyetafuta dawa ya ugomvi huo.

Jina lake ni Visvesvaraya. Alizaliwa mwaka 1861 katika kijiji cha Muddenahalli, nchini India. Baba yake alifariki yeye angali mvulana. Fedha za masomo zilikuwa shida. Kwa hiyo alifundisha watoto wa watu ili aweze kusoma. Mwaka 1883 alihitimu uhandisi, kisha akaanza kazi ya serikali katika jimbo la Bombay.

Huko aliona maji ya mifereji yakipotea. Wachache walimwagilia kupita kiasi. Maji yalituama, ardhi ikaharibika, mbu wakazaliana. Karibu na mwaka 1900 alileta mpango mpya. Mashamba yaligawanywa vipande. Kipande kimoja kilipandwa miwa, kingine mpunga, kingine nafaka isiyohitaji maji mengi. Mazao yalibadilishwa kwa zamu. Maji yaliyookolewa yalifika vijiji vingi zaidi. Mwanzoni wapo waliopinga. Yeye aliwaeleza faida yake.

Mwaka 1903 milango aliyoibuni iliwekwa katika bwawa la Khadakwasla. Maji yalipozidi, milango ilifunguka yenyewe. Yalipopungua, ilijifunga. Hivyo bwawa liliweka maji mengi zaidi.

Mwaka 1909 alirudi kwao Mysore, akawa mhandisi mkuu. Mwaka 1911 ujenzi wa bwawa kubwa ulianza katika mto Kaveri. Ukuta ulijengwa kwa mawe, chokaa na unga wa matofali badala ya saruji. Bwawa hilo lilikuwa na gharama yake. Kijiji cha Kannambadi kilifunikwa na maji, na watu wakahama. Lakini mashamba makavu ya Mandya yalipata maji.

Tangu mwaka 1912 hadi 1918 alikuwa Waziri Mkuu wa Mysore. Mwaka 1955 alipewa nishani ya juu kabisa ya India. Alifariki mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 100.

Ndugu msomaji, ukuta wa bwawa hujengwa na mafundi. Lakini zamu ya maji hujengwa na wanakijiji wenyewe. Je, katika mfereji wenu nani hupata maji mwisho? Zungumzeni jambo hilo darasani.