Dunlop: Daktari wa mifugo aliyetia upepo kwenye gurudumu

MIKUNGU ya ndizi inayoteremshwa kwa baiskeli kutoka mashamba ya Kiruruma, na familia inayopanda RAV4 asubuhi kwenda Kayanga kufuata mbegu na dawa za mifugo, hubebwa na kitu kimoja. Kitu hicho ni upepo uliofungiwa ndani ya mpira.

Mtu aliyeufanya upepo huo kuwa biashara kubwa duniani hakuwa mhandisi wala muuza magari. Alikuwa daktari wa mifugo na mtoto wa mkulima, na jina lake mpaka leo husomeka ubavuni mwa matairi. Anaitwa John Boyd Dunlop. Maisha yake yanamfaa kila mwenye gari anayejiuliza kwa nini matairi yanamla fedha, na kila mzalishaji anayejiuliza kwa nini aliyebuni kitu si lazima awe ndiye anayetajirika nacho.

Mtoto wa shamba

Dunlop alizaliwa Februari 5, 1840 katika shamba kijijini Dreghorn, Scotland. Mama yake alimwambia kuwa alizaliwa kabla ya siku zake, naye aliishi miaka yote akijihesabu kuwa mtu mwenye afya dhaifu wa kujitunza sana. Pamoja na hofu hiyo, alifika umri wa miaka 81.

Alisomea tiba ya mifugo mjini Edinburgh na kufuzu akiwa na umri wa miaka 19 tu. Mwaka 1867 alihamia Ireland. Huko alifungua kituo cha tiba ya mifugo Downpatrick pamoja na ndugu yake James, kisha akahamia Belfast, mji wa viwanda na bandari. Mwaka 1871 alimuoa Margaret Stevenson, wakapata binti na mvulana.

Belfast ya wakati ule ilivutwa na farasi, na farasi ndio waliokuwa wateja wa Dunlop. Kazi ilimtaka aende kwa mgonjwa, si mgonjwa aje kwake. Alisafiri kwa kigari juu ya barabara zilizotandazwa mawe, magurudumu yakiwa ya mbao na chuma. Mtaalamu wa mifugo anayezunguka vijiji vya Karagwe au Kyerwa kwa pikipiki anaijua hali hiyo: barabara mbovu humchosha msafiri, hukivunja chombo, na mwishowe gharama humwangukia mwenye ng'ombe.

Baiskeli ya Johnnie

Mwishoni mwa mwaka 1887, mwanawe Johnnie, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 10, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Magurudumu yake yalikuwa na mpira mgumu usio na upepo, na juu ya mawe ya barabara yalimtikisa mno. Baba akaanza kutafuta dawa.

Alichukua ubao wa mviringo, akauzungushia bomba la mpira mwembamba, akalijaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu, kisha akalifunika kwa kitambaa cha kitani ili lisitanuke kupita kiasi. Kitani hakikuwa adimu Belfast, kwani mji huo ulikuwa maarufu kwa viwanda vya nguo hiyo. Halafu akafanya jaribio rahisi uani kwake. Alilisukuma gurudumu la zamani la baiskeli, likaenda kidogo, likalala. Alilisukuma lile la upepo kwa nguvu zile zile, likavuka ua mzima na kugonga upande wa pili.

Katika jaribio hilo dogo ndimo ilimo faida yote ya tairi la upepo. Gurudumu gumu likikutana na jiwe, hulazimika kunyanyua chombo kizima na mzigo wake, na kila kunyanyua huko ni nguvu inayopotea. Tairi la upepo hubonyea, hulimeza jiwe, kisha hurudi lilivyokuwa. Mzigo unabaki ulipo na nguvu inakwenda mbele. Kwa mwendesha baiskeli nguvu hiyo ni jasho, kwa mwenye gari ni petroli.

Usiku wa Februari 28, 1888, Johnnie aliijaribu baiskeli yake ikiwa na matairi mapya. Julai mwaka huo Dunlop aliomba hataza, yaani haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi asiibiwe ugunduzi wake, na Desemba 7, 1888 akapewa.

Mashindano yafungua soko

Watu wengi waliyacheka matairi hayo mazito kwa macho. Soko lilifunguliwa na mwendesha baiskeli Willie Hume, aliyeyatumia kwenye mashindano ya Belfast Mei 1889 na kuwaacha wenzake nyuma. Miongoni mwa waliohusika na mbio hizo ilikuwemo familia ya Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin, ambaye wanawe walikuwa waendesha baiskeli hodari. Du Cros aliona fedha pale ambapo wengine waliona kichekesho. Mwaka huo huo kampuni ya matairi ya upepo ikaanzishwa Dublin, naye akashika uongozi.

Dunlop aliikabidhi kampuni hataza yake na kupata sehemu ya hisa. Kuanzia hapo mvumbuzi akawa pembeni, na mwenye mtaji na soko akawa mbele.

Hataza yatenguka

Mwaka 1890 lilikuja pigo. Iligundulika kwamba Robert William Thomson, Mscotland mwenzake Dunlop, alikuwa amepata hataza ya gurudumu la upepo tangu mwaka 1845, zaidi ya miaka 40 kabla. Thomson aliyafunga magurudumu yake kwenye magari ya farasi, lakini bidhaa ilikuwa ghali, baiskeli nyepesi zilikuwa hazijaenea, na wazo likalala. Hataza ya Dunlop ikawa haina nguvu.

Kampuni haikufa. Du Cros alinunua haki za wavumbuzi wengine, akiwemo Charles Kingston Welch, aliyebuni njia ya kulishikilia tairi kwenye rimu kwa waya zilizofichwa ukingoni. Kabla ya hapo tairi lilifungwa na kugandishwa kwenye gurudumu, na kuziba pancha ilikuwa kazi ya saa nyingi. Fundi pancha anayelichomoa tairi kwa vyuma viwili kando ya barabara anafaidi kazi ya Welch kuliko ya Dunlop.

Katikati ya miaka ya 1890 Dunlop alijiondoa na kuuza maslahi yake. Mwaka 1896 kampuni ilinunuliwa na Terah Hooley kwa pauni milioni 3, kisha ikauzwa upya kwa umma kwa pauni milioni 5. Mtu ambaye jina lake lilikuwa juu ya mlango hakuwamo katika mgawo huo mkubwa. Alibaki Dublin akiwa na biashara ya nguo na maisha ya kawaida.

Mkulima wa kahawa ameshaona hesabu ya namna hii. Aliyeikuza punje anauza mapema kwa sababu ana shida ya fedha, na thamani huongezeka baada ya mzigo kutoka mikononi mwake.

Mpira wa damu

Tairi la upepo liliamsha njaa ya mpira duniani, na njaa hiyo ilifika Afrika haraka. Katika Kongo, iliyokuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908, wanakijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema mpira wa mwituni. Waliposhindwa kutimiza kiasi walichopangiwa, walichapwa, wake zao walishikwa mateka, vijiji vilichomwa moto, na wengine walikatwa mikono. Dunlop hakuagiza ukatili huo, lakini bidhaa aliyoianzisha ndiyo iliyoongeza soko lake.

Tanganyika chini ya Wajerumani nako walowezi walipanda mpira, hasa upande wa Tanga. Bei ilipanda sana hadi kufikia mwaka 1910. Kisha mpira wa mashamba makubwa ya Asia, uliotokana na mbegu zilizochukuliwa Brazil mwaka 1876, ulifurika sokoni, na kufikia 1913 bei ilikuwa imeanguka na mashamba mengi yakawa hasara. Zao lililopandwa kwa kufuata bei ya juu lilikomaa wakati bei imeshuka.

Baadaye Tanzania huru ilijenga kiwanda cha General Tyre mjini Arusha, kilichoanza kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kusimama mwishoni mwa miaka ya 2000.

Kutoka baiskeli hadi gari

Dunlop alifikiria baiskeli. Waliopeleka upepo kwenye gari walikuwa ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, walioendesha gari lenye matairi ya upepo katika mbio za Paris hadi Bordeaux na kurudi mwaka 1895. Walipata pancha nyingi, lakini walithibitisha kuwa upepo unaweza kubeba gari. Hapo ndipo safari ya RAV4, X-Trail na Forester zinazoonekana Karagwe ilipoanza.

Magari haya ya familia, yaliyoinuka kidogo kuliko gari dogo la kawaida, hufanya kazi mbili hapa. Asubuhi hubeba watoto, mchana hubeba magunia ya maharage. Hupita lami, kisha changarawe na udongo unaoteleza wakati wa mvua. Ndiyo maana uchaguzi wa tairi ni uamuzi wa kiuchumi.

La kwanza ni kusoma ubavu. Tairi lililoandikwa 225/65R17 102H lina upana wa milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17. Namba 102 maana yake tairi moja linaweza kubeba kilo 850, na H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Tairi la namba 91 hubeba kilo 615 tu. Mwenye kubeba mizigo asishushe namba hiyo kwa sababu ya bei nafuu.

La pili ni umri. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira wake umezeeka na kuanza kupasuka nyufa.

La tatu ni aina ya kashata. Za lami ni laini na hazina kelele, lakini tope huzijaza zikateleza. Za tope zina meno makubwa, ila hunguruma, hula mafuta zaidi na huisha haraka kwenye lami. Kwa anayegawana safari kati ya lami na barabara za vijijini, zile za mchanganyiko ndizo zinazomfaa. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lifungwe matairi ya kipimo kimoja na yaliyochakaa kwa kiasi kinachokaribiana, la sivyo mitambo ya kugawa nguvu huumia, na kuitengeneza ni ghali kuliko matairi.

La nne ni hesabu ya kilomita. Chukulia tairi jipya la Sh 200,000 linakwenda kilomita 40,000. Kila kilomita ni Sh 5. La mtumba la Sh 80,000 likienda kilomita 10,000, kila kilomita ni Sh 8. Rahisi ndilo lililokuwa ghali.

La mwisho ndilo la Dunlop mwenyewe. Kilo zile 850 hubebwa na upepo, mpira ni mfuko tu. Upepo ukipungua, ubavu hukunjwa kila mzunguko, hupata joto, huchakaa pembeni, na siku ya mzigo hupasuka mlimani. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, cha gari tupu na mara nyingi cha gari lenye mzigo. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi, angalau kila wiki mbili na kabla ya safari yenye mzigo. Tairi la spea nalo lipimwe, kwani wengi hulikumbuka siku ya pancha na kulikuta limelala.

Mwisho wa daktari

Uzeeni Dunlop aliipeleka mahakamani kampuni yenye jina lake, kwa sababu matangazo yake yalimchora kama mzee mtanashati mwenye kofia ndefu na fimbo, sura ambayo hakuitambua. Oktoba 1921 alishikwa na mafua, na tarehe 23 ya mwezi huo akafariki dunia Dublin, akazikwa makaburi ya Deansgrange. Kitabu chake cha historia ya tairi la upepo kilitoka mwaka 1924, baada ya kifo chake.

Faida kubwa ya uvumbuzi wake ilikwenda kwa wengine. Sehemu moja ya faida hiyo bado iko wazi kwa mwenye RAV4 wa Kiruruma na kwa kijana anayesukuma baiskeli ya ndizi: kupima upepo ni kazi ya dakika tano kabla ya kuondoka nyumbani.